Sufuria Isiyojua Samaki

Ninyi mnaoanza kazi jikoni Kilimani mwaka huu mmekuta rafu za mbao, mlango wenye kufuli, na sufuria kumi na nne zilizopangwa kwa ukubwa. Mmekuta pia moja imetundikwa peke yake karibu na dirisha, ina kitambaa chekundu kwenye mkono. Juma lililopita, siku ya kurudisha funguo zangu, mmoja wenu aliniuliza kama anaweza kupikia ndakala, dagaa wetu wa ziwa, ndani yake, kwa vile zile nyingine zilikuwa chafu. Nilimtazama mpaka akashusha mikono. Halafu nikiwa njiani kwenda nyumbani nikaona kosa si lake. Hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo naandika.

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri tu, na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto. Mtavumilia. Habari ya mshahara sitaandika, maana hakuna cha kuandika. Vyeo pia hapana. Niliingia mpishi, nimetoka mpishi.

Niliingia miaka ile ya kwanza ya Zaïre, tulipoambiwa tuache majina ya ubatizo, wanaume wavae abakosti bila kravati, na kila mtu aitwe Citoyen. Mimi sikupata shida na hayo. Watu walikuwa wananiita Mama Wabiwa tangu nilipomzaa Wabiwa, na hilo hakuna serikali iliyonitaka nilibadilishe. Nilikuwa mjane, nina mtoto huyo mmoja, na Kilimani walitafuta mwanamke mwenye mikono migumu. Shule yenyewe ilikuwa majumba matatu ya matofali juu ya Baraka, shule ya juu ya kufundisha walimu. Ukisimama mlangoni mwa jiko unaona ziwa lote mpaka milima ya Ubwari.

Mpishi mkubwa alikuwa Mzee Etabo. Jicho lake moja lilikuwa limekufa, lakini pua yake ilifanya kazi ya macho matatu. Siku yangu ya kwanza alinipa ndoo ya majivu, mchanga wa ziwani, na sufuria zote za shule.

Nikamwambia, “Papa, mi nimekuya kupika.”

“Kupika utapika siku utajua kuosha,” akajibu, akaenda kukaa.

Niliosha mpaka saa tisa. Nilipomaliza alikuja, akachukua sufuria ya kwanza, akatia maji kidogo, akaiweka juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na kuifunika. Maji yalipochemka akafunua, akainamisha pua kwenye mvuke.

“Hii ilipikiwa mukeke juzi. Rudia.”

Ya pili: “Ndakala. Rudia.”

Ya tatu alinusa muda mrefu. “Hii ni maharagi tu. Lakini mupishi alikuwa na hasira.” Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa mzaha.

Alinionyesha samaki anapojificha: chini ya ukingo uliokunjwa, na kwenye misumari ya mikono ya sufuria. Hapo kitambaa hakifiki. Unachukua kijiti, unakichonga ncha, unakizungushia nyuzi za mgomba, unachovya majivu, unasugua. Halafu unachemsha maji, unanusa. “Sufuria inakumbuka kuliko mupishi,” aliniambia siku ile, na alinirudilia neno hilo karibu kila juma mpaka alipoacha kazi.

Mengine alinifundisha bila kusema. Kila asubuhi wanafunzi walipanga mistari wakaimba na kucheza sifa za mkubwa wa inchi kabla ya uji. Etabo aliweka maji motoni walipoanza wimbo wa kwanza. Walipomaliza wa mwisho yalikuwa yanachemka. Miaka yote ile sikuhitaji saa. Mtaniambia ninyi sasa mnafanyaje.

Na alinifundisha desturi ya mezani kwetu kando ya ziwa, ambayo nyumbani niliijua lakini si kwa wageni wakubwa. Akija mgeni wa heshima unapika kuhe mzima, samaki yule mkubwa wa maji marefu, na kichwa chake unakiweka mbele ya mgeni mkubwa kuliko wote. Hakigawanywi. Mgeni akikipokea, amepokea nyumba. Akikirudisha, amerudisha nyumba.

Shikeni hilo la kichwa, maana karibu lifunge shule.

Wabiwa alikua. Alikuwa na kichwa cha masomo, si cha mama yake. Alimaliza sekondari, akaingia Kilimani kwetu, sehemu ya biolojia na kemia, wasichana wawili tu kati ya wavulana wengi. Mimi nilikuwa ninampakulia kama wengine, mwiko uleule, si zaidi. Akiwa mwaka wa pili, yule profesa mmoja wa kemia tuliyekuwa naye aliomba ruhusa aende kumwona mama yake Kisangani. Naamini bado anamwona.

Halafu ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa elimu, Bukavu. Direkteri wetu, Citoyen Wilondja, aliisoma mbele ya wafanyakazi wote, hata sisi wa jiko. Ilisema hivi: shule yoyote ya juu isiyokuwa na mwalimu wa kila somo itafungwa mwisho wa mwaka, na wanafunzi watarudi kwao. Enspekteri atakuja kutazama baada ya majuma matano. Lakini kulikuwa na mstari mmoja wa chini. Shule zilizo jirani zinaweza kuazimana walimu, ikiwa wakubwa wake wametia sahihi pamoja.

Mkubwa wa kutia sahihi hakukosekana. Nundu kulikuwa na shule ya wauguzi, na direktrisi wake Mama Nabintu, mwanamke mwembamba, muuguzi wa zamani, asiyepoteza neno. Kilembwe kulikuwa na shule ya kilimo, ya Citoyen Asukulu, mtu wa kucheka. Na juu milimani, Bibokoboko, kulikuwa na shule ndogo ya mifugo, na direkteri wake Citoyen Semahoro alikuwa na diploma kubwa ya kemia. Katika Fizi, eneo letu lote, alibaki yeye peke yake. Hao watatu na Wilondja wetu walikuwa wanajuana kwa jina tu. Kila mmoja alikuwa analinda kiti chake kama kuku anayelalia mayai. Nundu walikosa mwalimu wa hesabu, sisi tulikuwa nao wawili. Kilembwe walikosa Kifaransa, Bibokoboko walikosa pedagojia. Sisi tulikosa kemia.

Bila Semahoro, kemia hakuna. Bila kemia, shule inafungwa, na Wabiwa wangu anarudi nyumbani bila karatasi. Tayari shemeji yangu mmoja alikuwa ameanza kuulizia habari zake kwa niaba ya mtu wa Kalemie mwenye duka na wake wawili. Niliposikia ile barua nilifanya hesabu yangu mwenyewe, na jibu halikunipendeza.

Citoyen Wilondja aliandika barua tatu, wakubwa wakakubali kuja Baraka. Akaniita.

“Mama Wabiwa, siku ile upike kama vile mukubwa wa inchi iko anakuya.”

“Mukubwa wa inchi hajui kuhe yetu. Hawa nitawapikia vizuri zaidi.”

“Nyamaza, ukuta iko na masikio,” akasema, lakini alicheka. Alikuwa mtu mzuri, Wilondja. Mnene, sauti kubwa, na kiburi cha mtu aliyejenga shule kwa matofali ya mikono yake. Kweli aliyachoma mwenyewe, siku za salongo, ile kazi ya lazima ya wote, akiwa na wanafunzi.

Nilinunua kuhe mkubwa ufukweni mwenyewe, nikamchagua kwa macho. Nilimpika na mawese, nyanya na kitunguu, pilipili kidogo. Sombe, majani ya muhogo, niliitwanga asubuhi, nikatia ndakala kama kawaida. Bukari, ugali wetu, ilikuwa nyororo. Sijawahi kupika vizuri kuliko siku ile, na naandika hivyo bila haya.

Wakubwa walikaa mezani. Semahoro alikuwa mrefu, mpole, fimbo yake ameiegemeza mlangoni, amevaa kofia mpaka alipoombwa kuivua. Alikuwa ametembea siku nzima kutoka Bibokoboko. Kwa hiyo nilifikiri: huyu ametoka mbali kuliko wote, na ndiye tunayemhitaji kuliko wote. Nikachukua kichwa cha kuhe, macho yake mazima, nikakiweka mbele yake.

Citoyen Semahoro alikitazama kichwa, kichwa kikamtazama. Aliweka mikono yake miwili chini ya meza.

“Mama, asante. Nitakula bukari.”

Nikasogeza sombe. Aliona ndakala ndani, akatikisa kichwa polepole. “Bukari tu. Asante.”

Asukulu wa Kilembwe akacheka kwa kutaka kusaidia. “Mukubwa, kichwa hicho ni chako! Ukikiacha, mi nitakichukua, na Kilembwe itakuwa mukubwa wa ninyi wote!”

Hakuna aliyecheka naye. Wilondja alikuwa ameacha kula.

“Citoyen Direkteri wa Bibokoboko,” akasema, “hicho ni kichwa cha kuhe.”

“Nakiona.”

“Kwetu, mugeni hakirudishi.”

“Kwetu,” Semahoro akasema, sauti ileile ya chini, “hatukili.”

Hapo Wilondja angeweza kukomea. Lakini kiburi kikipanda hakiulizi njia. Wilondja akasema mbele ya wote, “Mutu asiyekula na sisi hawezi kufundisha batoto yetu.”

Semahoro alisimama. Hakupiga meza, hakutukana. Alivaa kofia yake, akachukua fimbo mlangoni, akaniinamishia kichwa mimi, mpishi, akatoka. Mama Nabintu alimfuata mpaka barabarani, akarudi peke yake. Jioni ile kila mtu alishika njia ya kwake. Karatasi ya sahihi ilibaki mezani, nyeupe, na tone la mawese kwenye kona.

Nilikasirika siku mbili. Naandika ukweli: nilimkasirikia Semahoro. Chakula changu! Kuhe wangu! Ameiacha shule ya mwanangu ifungwe kwa sababu ya samaki! Siku ya tatu niliomba ruhusa, nikafunga kanga, nikachukua vitumbua vya njiani, nikapanda mlima. Wabiwa aliniuliza ninaenda wapi. Nikamwambia ninakwenda kumuuliza mtu mzima swali.

Nilitoka jua linapochomoza, nikafika Bibokoboko jua linapoegemea. Sisi wa ziwa hatujui baridi ile. Meno yangu yaligongana na miguu iliwaka moto. Ng'ombe walikuwa wanarudi, pembe zao ndefu, na watu walinisalimu bila kunifahamu. Nilionyeshwa nyumba ya direkteri. Yeye alikuwa bado shuleni. Mke wake, Mama Rukundo, alikuwa na umri kama wangu, Kiswahili chake cha polepole. Nilikuwa nimeshika maneno yangu yote tayari mdomoni.

Hakunipa nafasi. Aliniketisha karibu na moto, akafunika mabega yangu, akaleta kikombe kikubwa cha mti, kimefunikwa kifuniko cha kusukwa, kizuri. Akanipa kwa mikono miwili. Maziwa. Yamelala, mazito, yananuka moshi wa kile chombo.

Niliyasogeza mdomoni. Nilifunga macho. Nilimwita Mungu. Ule moshi ukaingia puani, mdomo ukakataa kufunguka. Watoto wanne walikuwa wamesimama wananitazama, na mimi, mwanamke wa ziwa aliyepanda mlima kuja kugombana, nilishusha kikombe bila kunywa tone. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile.

“Mama,” nikasema, “nisamehe. Siwezi.”

Nilingojea uso wake ubadilike. Haukubadilika. Alikipokea kikombe, akakifunika vizuri, akakiweka mahali pake.

“Hukuzoea,” akasema. “Mume wangu, hata harufu ya samaki ikipita, anatapika. Alirudi toka kwenu na njaa ya siku mbili. Kaa, nitakupikia maharagi.”

Yale maneno yote niliyobeba kutoka Baraka, sikuona tena pa kuyaweka.

Semahoro aliporudi hakushangaa kunikuta. Tulikula maharagi. Halafu nikamwambia, “Citoyen Direkteri, mi ndiye nilikuwekea kile kichwa.”

“Najua. Uliniheshimu.”

“Sasa mbona ulienda?”

“Sikuenda juu ya kichwa cha samaki, mama. Nilienda juu ya neno. Mutu akiniambia siwezi kufundisha batoto, nifanye nini tena kule?”

“Na mutu huyo akirudisha neno lake?”

Alifikiri. “Akilirudisha na mudomo uleule, nitashuka.”

Nikamwambia nina mtoto mwaka wa pili, kemia. Aliniuliza anaitwa nani, akaliandika jina kwenye kaye yake. Sikumwomba zaidi. Nililala kwao na blanketi mbili.

Niliporudi Baraka, nilikwenda moja kwa moja biro, ofisini kwa Wilondja, miguu na vumbi lake. Alikuwa anaandika barua kwa Bukavu kwamba Bibokoboko wamekataa.

“Acha kalamu kwanza,” nikasema.

“We mupishi umetoka wapi?”

“Kwa Semahoro.”

Alisimama. “Nani alikutuma?”

“Hakuna. Walinipa maziwa, Citoyen Direkteri. Nikarudisha kikombe mbele ya batoto yao.”

“Ulirudisha? Kwa nini?”

“Haikupita kooni. Sasa uniambie, kama kichwa cha kuhe ni tusi, mi nimetukana nyumba yao yote. Na bado walinipa kitanda.”

Alikaa tena kitini.

“Walikupa kitanda?”

“Na blanketi mbili. Na maharagi. We ulimpa mugeni wako nini? Neno.”

Nilifikiri atanifukuza. Alitazama dirishani, kule kwenye matofali yake. Mwishowe aliichana ile barua vipande vinne, akaniuliza polepole kama mwanafunzi, “Sasa tupike nini?”

“Kupika ni kazi yangu,” nikasema. “Kazi yako iko njiani.”

Na hapa nataka mwelewe mtu yule, maana wengi wanamkumbuka kwa sauti yake tu. Siku ya mkutano wa pili, Citoyen Wilondja alitoka asubuhi mapema kwa miguu mpaka pale njia ya milimani inaposhuka kwenye tambarare. Alikaa juu ya jiwe na abakosti yake, unene wake wote, akangojea mpaka karibu saa sita. Mimi sikuwepo, lakini watu waliotoka shambani waliona. Semahoro, aliyekuwa amelala njiani, aliposhuka, Wilondja alisimama, akasema alichosema. Wakaingia Baraka pamoja, barabara ya soko, na direkteri wa Kilimani ndiye aliyebeba mfuko wa mgeni begani. Soko lote lilisimama kutazama. Hapakuwa haja ya kutangaza kitu.

Mimi nilikuwa nimenunua sufuria mpya kabisa. Niliichemsha maji, nikanusa: chuma tu. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mkono, nikapika maharagi na mawese. Sombe nilipika kwenye chungu kipya cha udongo, na karanga, bila ndakala. Wasichana wa jiko walinitazama kama nimepoteza akili, sombe bila ndakala! Niliwapeleka wote nje wakachambue mchele, samaki asipite hata mlangoni.

Nilipakua sahani nne, zote kutoka sufuria ileile. Wilondja akafunua yake. Akatafuta kwa kijiko. Akanitazama.

“Mama Wabiwa. Na kuhe?”

“Kuhe iko ziwani, Citoyen Direkteri.”

Mama Nabintu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alifunika mdomo. Asukulu alicheka mpaka akakohoa. Wilondja alitazama sahani yake, akatazama ya Semahoro, zilikuwa sawa. Akainama akala. Wote wakala. Semahoro akaomba bukari ya pili, nikampakulia.

Baada ya kula wakaandika. Wilondja angepeleka mwalimu wa hesabu Nundu, siku mbili kila juma. Kilembwe wangeleta mwalimu wa kilimo kwetu, nasi tuwape wa Kifaransa. Bibokoboko wangepata pedagojia, na Semahoro angeshuka kila mwezi, akae siku sita Kilimani afundishe kemia asubuhi na mchana. Mama Nabintu ndiye aliyeshika kalamu, maana maandishi yake yalisomeka. Walipofika mwisho, aliiweka kalamu chini.

“Mumwite mupishi.”

Niliingia na mikono yenye maji.

“Mama Wabiwa, mwalimu atakayeenda kwa jirani atalala na kula kule. Useme ulichofanya leo.”

Nikasema kifupi. Mgeni aulizwe anakula nini mbele ya kufika, si mezani. Na kila jiko liwe na sufuria moja ya mgeni, isiyopikiwa kitu anachokikataa, hata siku ambazo hayuko.

“Tutaandika sufuria kwenye karatasi ya Bukavu?” Asukulu akauliza.

“Andika,” Semahoro akasema.

Mama Nabintu akaandika. Ni namba saba, ya mwisho. Wakatia sahihi wote wanne. Sikutia yangu, hakuna aliyeiomba, na mimi sikuitaka. Neno lipo.

Enspekteri alikuja siku aliyosema, mtu mdogo mwenye miwani mizito. Aliwakuta wanne wamekaa mstari mmoja, jambo ambalo naona hakulitegemea, kwa sababu alitafuta kiti cha tano kwa muda. Alisoma karatasi kwa kidole. Alipofika namba saba aliacha kidole hapo.

“Hii ni nini? Sufuria?”

“Iko jikoni,” Wilondja akasema.

Alitaka kuiona. Nilimwonyesha. Aliigeuza, akaichungulia ndani kama daktari, na mimi nikachemsha maji, nikamwambia, “Unuse.” Akanusa. Miwani ikajaa mvuke. Aliitoa, akaipangusa, akatazama sufuria tena bila miwani.

“Haina kitu,” akasema.

“Ndiyo kazi yake,” nikamjibu.

Kilimani haikufungwa. Wala Nundu, wala Kilembwe, wala Bibokoboko.

Miaka iliyofuata ndiyo kazi yenyewe, na sitaichosha karatasi. Semahoro alishuka kila mwezi, msimu wa mvua kwa matope mpaka magotini. Hakuwahi kukosa ila mara moja, ng'ombe wake alipozaa vibaya. Alifundisha kwa chupa za soda na mawe ya chokaa, vifaa vingine havikuwepo. Jioni alikaa mlangoni mwa jiko na kumsaidia Wabiwa na wenzake kwa maswali, mimi ninachambua maharagi, na hivyo nimesikia kemia yote ya shule ya juu bila kuelewa hata tone. Wakubwa wanne walikutana kila miezi mitatu, zamu kwa zamu. Wilondja alipanda Bibokoboko zamu ilipofika. Aliomba mwenyewe chai ya maziwa kama wenyeji wake, akanywa nusu, akasema ameshiba. Mama Rukundo akamwambia asijisumbue. Hilo alinisimulia mwenyewe, kichwa chini.

Sufuria hii mnayoiona si ile ya kwanza. Ya kwanza iliharibiwa na msaidizi wangu, Mama Sifa, siku ya haraka, alipochemshia mchuzi wa mukeke. Alinificha. Nilichemsha maji, nikanusa. Nikampa ile sufuria iwe yake, aende nayo nyumbani, nikaenda sokoni kununua nyingine. Alilia kuliko kama ningempiga. Ya pili ilitoboka kwa uzee, ambao ni udhuru wa kweli. Hii ni ya tatu. Sasa mnajua.

Wabiwa alipata karatasi yake. Mtu wa Kalemie alitafuta mke kwingine. Leo Wabiwa ndiye anayefundisha kemia Kilimani. Semahoro amekuwa mzee, magoti yake hayashuki tena, na kwa hiyo mpango umegeuka: ni mwanangu anayepanda, siku sita kila mwezi, kufundisha wale wa Bibokoboko.

Aliporudi mara ya kwanza, alikuja kwangu mbele ya kubadilisha nguo. Nilikuwa bado kazini, ninasugua.

“Mama, kwa Mama Rukundo iko birika moja inatundikwa peke yake. Iko na kamba nyekundu.”

“Ya nini?”

“Niliuliza vile vile. Akasema, ‘Hiyo ni ya batu ya ziwa. Ninaitunza tangu siku mama yako alirudisha kikombe. Haijaona maziwa hata siku moja.’”

Niliendelea kusugua kidogo, kwa sababu ya moshi machoni.

“Inasuguliwa na majivu?” nikauliza.

“Inang'aa, Mama.”

“Na chini ya mukono? Ulitazama chini ya mukono?”

“Nilitazama,” Wabiwa akasema. “Nilichemsha maji, nikanusa.”